Kocha ni Kocha, Awe Mume au Mke

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa isimu zoezi dogo. Huandika ubaoni: "Kocha aliingia, akawakaripia wachezaji wake, kisha akaketi." Huwataka waitafsiri sentensi hiyo kwa Kiingereza. Karibu wote, wavulana kwa wasichana, humfanya kocha huyo kuwa mwanamume. Ninapowauliza ni neno lipi lililowaambia hivyo, huangaliana wakacheka. Neno hilo halipo. Kiambishi "a-" cha Kiswahili hakibagui mume wala mke. Uanaume huo wameuleta wenyewe.

Nami sina haki ya kuwacheka. Niliposoma mara ya kwanza kwamba Kim Wyant alikuwa mkufunzi wa timu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha New York, nilidhani Kim huyo ni mwanamume.

Yamkini msomaji hajapata kumsikia. Tarehe 18 Agosti mwaka 1985, mjini Jesolo, Italia, timu ya taifa ya wanawake ya Marekani ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa. Wyant ndiye aliyekuwa langoni. Walikuwa wamepewa jezi za wanaume, wakazipunguza wenyewe ili ziwakae mwilini. Italia ilishinda kwa bao moja bila jibu. Miaka mitatu awali, Wyant alikuwa amelinda lango la Chuo Kikuu cha Central Florida katika fainali ya kwanza ya wanawake ya mashindano ya vyuo ya NCAA. Huko pia walishindwa, 2-0, na North Carolina.

Siku hizo mwanamke hakuweza kutegemea kandanda kwa riziki yake. Ligi ya kwanza ya kulipwa ya wanawake nchini Marekani ilianza mwaka 2001, miaka 16 baada ya mechi ya Jesolo. Kipa aliyetaka kubaki mchezoni hakuwa na njia nyingi ila kufundisha. Wyant alifundisha, na mwaka 2015 akakabidhiwa vijana wa New York.

Kwangu mimi mwanaisimu, hilo si ajabu. Nusu ya kazi ya kipa ni kusema. Yeye huuona uwanja wote mbele yake, ilhali wenzake wamempa mgongo. Huwaambia madifenda wasogee, hupanga ukuta wakati wa mpira wa adhabu, na huuitia mpira wa krosi kabla hajaunyakua. Amri zake sharti ziwe fupi, zieleweke mara moja, na zitoke kwa mtu anayeaminiwa. Ukocha ni kazi iyo hiyo, ila hufanywa nje ya mstari.

Wapo watakaosema kwamba New York hushiriki daraja la tatu la vyuo, ambako wachezaji hawapewi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo, na kwamba huko hapana ushindani. Mwaka 2022 timu ya Wyant ilikutana na ile ya Chuo Kikuu cha Chicago, iliyofunzwa na Julianne Sitch. Hiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya wanaume katika NCAA kuwakutanisha makocha wakuu wawili wanawake. Msimu huo huo vijana wa Chicago walitwaa ubingwa wa daraja lao bila kushindwa hata mechi moja. Mwenye kudharau ubingwa huo na autaje upungufu wake.

Hapa kwetu nako mambo yameanza. Mwaka 2024 Jackline Juma alikabidhiwa FC Talanta, timu ya wanaume ya Ligi Kuu. Habari kama hiyo huandikwa kwa maneno "kocha wa kike", na mara ya kwanza hapana ubaya, kwa kuwa ni jambo geni. Lakini hatujapata kusoma "kocha wa kiume". Tukiendelea hivyo hata katika mechi ya ishirini, tutakuwa tumeiongezea lugha yetu ubaguzi ambao haikuwa nao.

Ninayasema haya kwa sababu ya mwanafunzi wangu mmoja, kipa hodari wa timu ya wasichana. Aliomba nafasi ya kusaidia kuwanoa makipa wa kiume katika chuo kimoja. Msimamizi alimjibu kwamba wavulana hawatamsikia. Hakujaribiwa hata siku moja. Sasa anauza simu dukani.

Vyuo vikuu vyetu havina budi kuzitangaza nafasi za ukufunzi waziwazi na kuwapima waombaji wote uwanjani, mbele ya wachezaji wenyewe. Ikiwa kweli wavulana hawatamsikia mwanamke, na tuyaone hayo kwa macho yetu. Msimamizi yule aliyajuaje akiwa ameketi ofisini?