Uchumi wa kadogo: Mkaa, nauli na gharama ya kuishi kwa fedha ya siku

ZIPO hesabu mbili zinazopigwa kila siku katika jiji la Dar es Salaam. Ya kwanza hupigwa maofisini, nayo huhesabu hekta za misitu, urefu wa barabara na asilimia ya kaya zinazopikia nishati safi. Ya pili hupigwa jioni mbele ya genge la mtaani, nayo huanza na swali moja tu: leo imepatikana shilingi ngapi? Mipango mingi ya mazingira na usafiri mijini imekwama kwa sababu hesabu ya kwanza huandikwa bila kuitazama ya pili.

Mfano ulio karibu ni mkaa. Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga kuwa ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Lengo ni jema na sababu zake hazina ubishi. Makadirio rasmi ya Serikali yanaonyesha kuwa kati ya mwaka 2002 na 2013 nchi ilipoteza wastani wa hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na mkaa unaoliwa na miji ni miongoni mwa sababu. Tanuri la asili la udongo hutumia kilo tano za kuni, na mara nyingi zaidi, kutoa kilo moja ya mkaa. Moshi wa jikoni nao huwaumiza mapafu wanawake na watoto ambao hushinda karibu na moto.

Kinachobishaniwa ni njia. Kwa miaka mingi maelezo yaliyozoeleka yamekuwa kwamba wananchi hawajaelimika, hivyo zifanyike semina na kampeni. Maelezo hayo hayalingani na hali halisi. Mkazi wa Manzese au Tandika hahitaji kufundishwa kuwa gesi huwaka upesi na haichafui sufuria. Anachokosa si elimu, bali ni uwezo wa kulipa kwa mkupuo.

Gesi huuzwa kwa mtungi, mkaa huuzwa kwa kopo. Hapo ndipo ilipo siri yote. Kujaza mtungi, hata ule mdogo wa kilo 6, hudai fedha ambayo kibarua au mama lishe huipata kwa siku kadhaa, tena alipe yote kwa mara moja. Kopo la mkaa hudai kiasi kinachotosha chakula cha jioni ya leo. Anayenunua kwa kopo hulipa bei kubwa zaidi kwa kila kilo kuliko anayenunua gunia zima, kwa kuwa mwenye lori, muuzaji wa jumla na mwenye genge kila mmoja ameshachukua chake. Mwisho wa mwezi anaweza kuwa ametumia fedha nyingi kuliko jirani yake mwenye gesi. Kwa maneno mengine, maskini wa mjini hanunui kilicho rahisi. Ananunua kinachogawanyika.

Wakazi wa Nairobi wameupa utaratibu huo jina: uchumi wa kadogo. Mafuta ya kula hupimwa kwa kikombe, sukari kwa robo, sabuni hukatwa kipande. Waswahili wanasema haba na haba hujaza kibaba. Kwa anayeweka akiba methali hiyo ni faraja, lakini kwa anayenunua, haba na haba ndiyo inayomaliza mfuko.

Usafiri nao umejengwa juu ya msingi huo huo. Desemba 2023, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ilipandisha nauli ya daladala kwa safari zisizozidi kilomita 10 kutoka Sh500 hadi Sh600. Ongezeko la Sh100 linaonekana dogo. Lakini mfanyakazi anayelazimika kupanda magari mawili kwenda na mawili kurudi alianza kulipa Sh2,400 kwa siku, sawa na Sh62,400 kwa siku 26 za kazi. Kima cha chini cha mshahara katika biashara na viwanda kilichotangazwa mwaka 2022 kilikuwa Sh150,000 kwa mwezi. Zaidi ya asilimia 40 ya mshahara huo ingeishia mikononi mwa makondakta, kabla ya kodi ya chumba na chakula.

Upande wa pili wa nauli hiyo yupo dereva, ambaye naye hula kwa siku. Kila jioni hudaiwa “hesabu” na tajiri mwenye gari, iwe abiria walikuwepo au hawakuwepo. Ndiyo maana daladala hukatisha ruti, hugombania abiria na hutembea na injini inayotoa moshi mweusi: fedha ya matengenezo ni ya kesho, hesabu ni ya leo. Kijana wa bodaboda aliyechukua pikipiki kwa mkataba yuko katika hali hiyo hiyo. Hulipa kidogo kidogo kila siku hadi pikipiki iwe yake, na mwisho huwa amelipa zaidi ya bei ya dukani. Askari wa usalama barabarani wanaweza kumtoza faini kwa mwendo wa kasi, lakini faini haiondoi sababu inayomkimbiza.

Mabasi yaendayo haraka, maarufu kama mwendokasi, yalipoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni yalionyesha kuwa usafiri wa umma unaweza kuokoa saa za watu. Hata hivyo, uhaba wa mabasi ulioukumba mradi huo miaka iliyofuata uliwarudisha wengi kwenye bodaboda na, kwa wenye kipato cha kati, kwenye gari dogo lililotumika kutoka Japan. Anayenunua gari hilo huonekana anapenda anasa na kuongeza foleni. Mara nyingi ananunua uhakika wa kufika kazini, jambo ambalo kituo cha basi hakikumpa.

Gharama ya nauli huamua pia mahali pa kuishi, na hapa hesabu ya siku inaweza kugharimu uhai. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu takriban 40 jijini Dar es Salaam, wengi wakitoka maeneo ya mabondeni. Serikali iliwapatia waathirika viwanja Mabwepande, kiasi cha kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Baadhi yao walirejea Bonde la Msimbazi, na mwishoni mwa mwaka 2015 operesheni ya bomoabomoa ikawakuta watu tele wakiwa bado wanaishi humo.

Wapo waliowaita wakaidi. Lakini kiwanja kilikuwa Mabwepande, na kazi ilibaki Kariakoo. Anayebeba mizigo sokoni au kuuza samaki Feri anatakiwa kuwa pale alfajiri, na familia inayoishi kwa fedha ya siku haiwezi kutoa sehemu kubwa ya fedha hiyo kwa nauli kabla haijaanza kuitafuta. Kati ya mafuriko yanayoweza kuja msimu ujao na njaa ya leo, bonde lilionekana kuwa na hatari ndogo zaidi. Uchaguzi huo ni mbaya, lakini si wa kijinga.

Yapo mambo yanayoonekana kupinga hoja hii. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza Juni 1, 2019 lilifanikiwa kwa kiasi kikubwa, na wapo wanaosema kuwa amri pekee inatosha. Mafanikio hayo yana maelezo yake. Mfuko mbadala ulipatikana mara moja, tena ukauzwa mmoja mmoja kwa bei ambayo mnunuzi wa sokoni aliimudu. Pale ambapo mbadala haukupatikana kwa kipimo kidogo, plastiki ilirudi: vifungashio laini viligeuzwa kuwa mifuko ya kubebea bidhaa za rejareja, hadi Serikali ikalazimika kutoa tamko jingine mwaka 2021. Katazo la usafirishaji wa mkaa la mwanzoni mwa mwaka 2006, ambalo halikuwa na mbadala wowote, lilidumu kwa muda mfupi tu.

Kenya inatoa funzo lingine. Julai 2021, nchi hiyo ilirejesha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia, wakati bei ya dunia ikiwa inapanda. Baada ya malalamiko kodi ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa mwaka 2023. Katika kipindi hicho hicho katazo la kukata miti katika misitu ya umma, lililowekwa Februari 2018, lilikuwa bado linatumika. Mkono mmoja wa dola uliufunga msitu na mwingine ukapandisha bei ya kilichotakiwa kuchukua nafasi ya mkaa.

Tanzania nayo haiko mbali na mtego huo. Gesi ya Songo Songo na Mtwara hutumika zaidi kuzalisha umeme na viwandani, wakati gesi ya mitungi karibu yote huagizwa kutoka nje na kulipiwa kwa dola. Serikali, kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), imekuwa ikisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, na viongozi mbalimbali wamegawa mitungi bure. Hatua hizo zinastahili pongezi, lakini mtungi wa kwanza ndio ulio rahisi. Kazi ipo kwenye mtungi wa pili, pale gesi inapokwisha katikati ya mwezi na mfukoni kuna fedha ya kopo la mkaa tu. Mtungi mtupu uliowekwa kona ya chumba bado huhesabika kwenye ripoti kuwa ni mafanikio.

Njia ya kutoka hapo imekwisha kuonekana katika biashara nyingine. Simu ya mkononi haikuenea nchini kwa semina. Ilienea pale muda wa maongezi ulipouzwa kwa vocha ndogo, na M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, ikawezesha kutuma hata kiasi kidogo cha fedha. Teknolojia hiyo sasa inatumika pia kuuza gesi: mita hufungwa kwenye mtungi na mteja hulipia kwa simu kiasi anachoweza kwa siku hiyo. Kama ruzuku ya umma ingeelekezwa zaidi kwenye kuieneza huduma hiyo mitaani na kupunguza bei ya kujaza, badala ya kuishia kwenye mtungi wa kwanza, ingemkuta mwananchi pale anapofanyia uamuzi wake.

Hali ni hiyo hiyo kwa nauli na makazi. Tiketi moja inayotumika kwa saa kadhaa katika zaidi ya gari moja ingempunguzia mzigo anayeunganisha safari. Viwanja vya kuwahamishia watu wa mabondeni vinapaswa kupimwa kwa umbali wa kufika kazini na gharama yake, si kwa ukubwa wa eneo pekee.

Misitu ya Pwani na Morogoro haitaokolewa kwa kumlaumu mama anayenunua kopo la mkaa saa 12 jioni. Itaokolewa siku ambayo fedha ile ile aliyonayo mkononi, kwa kiasi kile kile, itaweza kununua kitu kilicho bora zaidi. Mwaka 2034 hauko mbali, na hesabu ya genge hupigwa kila jioni.