Kikombe Si Mizani

Haba na haba hujaza kibaba. Wazee walisema kweli, na hapana apingaye fundisho hilo la akiba. Walakini methali haikutuambia kibaba kilichojaa kina uzito gani. Kwa kutouliza swali hilo, watu wengi hupunjika kila siku, jikoni na sokoni.

Ewe msomaji, fahamu kwamba kikombe hupima nafasi, na mizani hupima uzito. Twaa kikombe cha mililita 250. Kijaze maji, utapata gramu 250. Kijaze mchele, utapata karibu gramu 200. Kijaze makaroni fupi zilizopinda, huenda usipate hata gramu 120. Kijaze tambi pana zilizofinywa katikati mfano wa kipepeo, huenda zisifike gramu 80. Je, makaroni ni nyepesi kuliko maji? Hasha! Kipande kimoja ukikitupa majini huzama. Kilichokudanganya ni hewa iliyojificha baina ya vipande. Umbo likibadilika, hewa nayo hubadilika. Tambi ndefu ndizo kabisa hazipimiki kwa kikombe mpaka zivunjwe.

Basi mtu akikuambia kuwa kikombe kimoja cha makaroni ni gramu kadha, muulize: kikombe kipi, na makaroni za umbo gani? Asipoweza kujibu, hesabu yake haina msingi.

Wako watakaosema, "Mama zetu walipika kwa kikombe, wala hatukulala njaa." Ni kweli. Lakini mama aliyetumia kikombe kile kile kwa chakula kile kile miaka mingi aliongozwa na mazoea ya mkono wake, na mazoea hayo hayarithiwi pamoja na kikombe. Tazama mpishi wa shule yenye wanafunzi 300, ambao kila mmoja ameandikiwa gramu 100. Sharti apike kilo 30. Akidhani kila kikombe kina gramu 100, kumbe kina 70, atapika kilo 21. Kilo 9 zimepotea, nazo ni fungu la wanafunzi 90. Hapana mwizi aliyeingia ghalani, walakini watoto wamepunjwa.

Na pale ambapo kosa la mpishi halina nia mbaya, sokoni nia mbaya hupata maficho. Gorogoro iliyobonyezwa kitako hujaa mahindi mpaka juu, na mnunuzi huondoka ameridhika na kilele akionacho, asijue upungufu ulio chini. Maskini anunuaye kidogo kidogo ndiye aumiaye zaidi, kwa sababu hupunjwa kila aendapo.

Dawa si ngumu. Ikiwa nyumbani hamna mizani, nunua paketi ambayo uzito wake umeandikwa, tuseme gramu 500. Ihesabu kwa kikombe chako. Ikijaza vikombe 5, kila kikombe ni gramu 100. Andika jawabu hilo, ukijua ni la kikombe hicho na umbo hilo tu. Ukibadili kimojawapo, pima upya.

Ninyi mnaojifunza hesabu leo ndio wapishi, wafanya biashara na wakuu wa ghala wa kesho. Msiridhike kuona chombo kimejaa. Ulizeni uzito wake, kwa maana tumbo la mwenye njaa halishibi hewa.