Mpeleke Nyapara Kabete, Si Bosi Mombasa

Niseme mapema ndio tusipoteane: mimi sipingi mafunzo ya watumishi wa kaunti. Nasikia wasee wengi wakisema hizo semina za "mahusiano mema kazini" zifutwe zote, ati ni njia tu ya kula posho na kuogelea Nyali. Hasira yao naielewa, lakini dawa wamekosea. Shida si kwamba maafisa wetu wanafundishwa sheria za kazi. Shida ni kwamba wanaofundishwa si wale wanaokutana na mfanyakazi kila asubuhi.

Chukua mtu anayefagia barabara Kangemi. Bosi wake ni nani? Si gavana. Si waziri wa mazingira wa kaunti, ambaye pengine hajui hata stage ya Kangemi iko upande gani wa Waiyaki Way. Bosi wake ni nyapara, yule msee wa wadi mwenye daftari na biro. Yeye ndiye anaandika nani amefika na nani hajafika. Yeye ndiye anajua glavu zimeletwa ngapi na atampa nani kwanza. Akiamka vibaya, wewe unahamishwa Kawangware wiki hiyo hiyo, na fare ni shida yako. Kwa huyo mfagiaji, serikali ya kaunti yote, pamoja na bendera na ving'ora vyake, ni hilo daftari.

Nairobi ina wadi 85. Fikiria hayo madaftari yote.

Sasa angalia zile picha kaunti hupenda kuweka baada ya semina. Watu wamevaa tisheti moja, vitambulisho shingoni, bahari nyuma. Ni wakurugenzi, maafisa wakuu, watu wa bodi, na sekretari mmoja wa kuandika kumbukumbu. Nyapara wa Kangemi hayuko. Hajawahi kuwa. Na chuo chenyewe kiko karibu naye kuliko tao! Kenya School of Government, mahali watumishi wa umma wanafaa kufundishiwa, iko Lower Kabete, ng'ambo tu ya mabonde ya hapo. Ina matawi Embu, Baringo, Matuga na Mombasa. Sijui kwa nini kila mtu wa Nairobi akitaka kujua sheria ya Kenya lazima aisome akiwa na upepo wa bahari.

Na hiyo sheria si refu hivyo. Weka kichwani namba moja tu, 41. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa haki kazini, kujiunga na chama na kugoma. Halafu Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41 pia, inasema kabla hujamfuta mtu kwa sababu ya utovu wa nidhamu, kazi mbovu au ugonjwa, lazima umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama asikilize. Kisha naye umsikilize. Hiyo tu. Nusu saa, viti vitatu.

Lugha anayoielewa, bana. Mtu anazungumza Kiswahili na Kiluhya siku nzima, halafu anapewa barua ya Kiingereza cha wakili, aende akatafute mtoto wa jirani wa kumsomea kwamba hana kazi. Hiyo ni barua mbaya kisheria kabla hata hujafika kwa sababu zenyewe. Lakini nani alimwambia nyapara? Nyapara anajua njia moja ya kufuta mtu: "Kesho usikuje."

Hayo maneno mawili yana bei. Kifungu cha 49 kinaruhusu korti kumpa aliyefutwa kimakosa fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Tufanye hesabu ya kubuni: mtu analipwa 20,000 kwa mwezi. Kiwango cha juu ni 240,000, kabla hujaweka pesa ya notisi, likizo ambazo hakupewa na gharama za mawakili. Wakiwa watu kumi, hiyo ni 2,400,000. Na hiyo pesa haitoki kwa mfuko wa nyapara wala kwa mfuko wa mkurugenzi aliyekuwa Mombasa. Inatoka kwa ada ya kuegesha gari tao, kwa leseni ya saluni ya siz yako Uthiru, kwa soko ambalo mama mboga analipia kila siku. Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema mafunzo ni hasara. Ujinga ndio hasara, ni vile tu risiti yake haiko kwa bajeti.

Najua kuna mtu ashaanza kunung'unika: "Lakini hao watu wa kaunti ni wavivu, wengine hata hawaonekani kazini." Sawa. Wapo. Sheria haijasema mvivu asifutwe. Inasema afutwe kwa utaratibu. Nyapara asiyejua utaratibu ndiye rafiki mkubwa wa mvivu, manake mvivu akifutwa ovyo anaenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi pale Milimani, anashinda, na wewe mlipa ushuru unamlipa kwa mwaka ambao hakufagia hata hatua moja. Na ana miaka mitatu ya kufungua hiyo kesi, hana haraka.

Hii kitu inatuhusu sisi kuliko wazee wetu. Sakaja alipounda Green Army, waliovaa zile sare za kijani walikuwa vijana wa rika letu. Pengine una beste wako huko, na pengine wewe mwenyewe umewahi kubeba jembe la kaunti. Unajua kibarua anageuka lini kuwa mfanyakazi wa mwezi? Kifungu cha 37: ukifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo zikijumlishwa hazipungui mwezi, au ukipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha ndani ya miezi mitatu, sheria haikuhesabu tena kama mtu wa kulipwa jioni na kusahauliwa asubuhi. Unaweza kudai haki za mwajiriwa wa mwezi. Kufagia Nairobi kutaisha ndani ya miezi mitatu? Kwani tumeacha kula mahindi choma?

Kuna stori moja inafaa kufundishwa somo la kwanza kabisa, na ni ya hapa hapa. Tom Mboya, yule tunayemjua kwa sanamu ya Moi Avenue na barabara ya kupandia mat, alianza maisha kama mtu wa kanjo. Mwaka 1948 aliingia masomo ya ukaguzi wa afya, akasomea Jeanes School, Kabete. Hapo hapo ndipo 1961 palianzishwa Kenya Institute of Administration, na ndipo leo Kenya School of Government iko. Akamaliza 1950, akaajiriwa na City Council. Mkaguzi Mwafrika alikuwa analipwa kama sehemu moja kwa tano ya Mzungu wa kazi ile ile. Siku moja yuko maabara akipima maziwa, akaingia mwanamke Mzungu na chupa ya maziwa ya kupimwa. Akaangalia huku na huku, macho yakampita Mboya, akauliza kama kuna mtu humo ndani. Mboya akamuuliza kama macho yake yana shida.

Hakuishia kwa jibu. Alichukua chama cha wafanyakazi Waafrika wa jiji, ambacho hakikuwa na meno, na mapema miaka ya 1950 akakijenga kuwa chama halisi cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Chama hicho ndicho mzazi wa Kenya County Government Workers Union tulicho nacho leo. Kwa hivyo hapo Kabete afisa wa kaunti anaketi darasani ambapo mwanzilishi wa chama anachokiogopa alisomea. Sidhani kama slaidi zao zina picha yake.

Na tuongee kuhusu kanjo wenyewe, askari wa jiji. Najua hakuna mtu hapa anawapenda. Hata mimi nikiona ile gari yao karibu na Muthurwa moyo unaruka, na sina hata kikapu cha ndizi. Lakini askari naye ni mwajiriwa. Mtu anayepewa amri kwa matusi alfajiri, asiyejua zamu yake ya kesho iko wapi, asiye na mahali pa kulalamika bila kuhamishwa, ataitolea wapi hiyo sumu kufikia saa nne? Kwa mama wa nyanya. Simtetei anayempiga mchuuzi, hilo ni kosa la jinai na afungwe. Nasema tu ukali wa barabarani hufundishwa kwanza kwenye gwaride la asubuhi, na hapo ndipo semina hazifiki.

Mnakumbuka Februari 2025, malori ya kaunti yalipomwaga takataka mbele ya Stima Plaza kwa sababu Kenya Power ilikata stima za kaunti juu ya madeni? Tulicheka, tukamtukana gavana wiki nzima. Nani aliuliza kuhusu dereva? Kuna mtu aliambiwa apeleke lori pale na ainue kitanda. Sheria ya Ajira inaruhusu mtu kufutwa akikataa amri iliyo halali na inayofaa. Kutupa taka mahali pasiporuhusiwa ni kosa, kwa hivyo dereva akikataa hiyo amri, sheria iko upande wake. Je, yeye anajua? Na msimamizi wake je, anajua kuna amri ambayo hana ruhusa ya kuitoa? Hilo swali moja lingejaza siku nzima ya mafunzo.

Juu kabisa nako si kuzuri. Mwaka 2017 wauguzi waligoma karibu miezi mitano, kutoka Juni hadi Novemba. Madaktari walikuwa wametoka tu kwa mgomo wao wa siku 100, ambapo viongozi saba wa chama chao waliwekwa ndani. Mwaka 2024 madaktari wakagoma tena siku 56, bado wakidai mambo ya mkataba wa 2017. Sheria ya Mahusiano ya Kazi inataka notisi ya siku saba kabla ya mgomo. Hizo siku saba ni za kuketi mezani. Sisi tumezigeuza siku za kukimbia kortini kutafuta amri ya kuzuia mgomo, halafu waziri anatoka kwa runinga akikunja uso. Anayeumia ni msichana aliyefika zahanati ya Kangemi na uchungu wa kuzaa akakuta mlango una kufuli.

Kuna kitu kimoja ambacho sitakubali kiitwe ukosefu wa mafunzo. Kaunti nyingi, Nairobi ikiwemo, zinadaiwa mabilioni na mifuko ya pensheni kama Lapfund. Mtu anakatwa kwa pesilipu kila mwezi, anastaafu, anaenda kuuliza pesa yake, anaambiwa haikufika. Mwajiri anayekata pesa ya mfanyakazi na kutoiwasilisha anatenda kosa, na adhabu imeandikwa: faini ya hadi 100,000 au hadi miaka miwili ndani, au zote mbili. Hapo sitaki semina. Hapo nataka pingu.

Kwa hayo mengine, nataka darasa, lakini si hili lenu. Lifanyike kwa ukumbi wa Kangemi au Kawangware, saa nane mchana zamu ikiisha, bila posho ya kulala manake kila mtu atalala kwake. Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Nusu ya masomo ifundishwe na mwakilishi wa chama, na nyapara aketi mbele aulizwe: huyu amekosa kazi siku tatu, unafanya nini? Akijibu "kesho usikuje", arudie somo, na daftari apewe mwingine mpaka afaulu. Mtu asiruhusiwe kuongoza hata wafagiaji watano kabla ya hapo. Tunadai leseni kwa msee wa boda, lakini anayeshika riziki ya watu arobaini tunampa tu biro.

Na City Hall itangaze kila mwaka imeshindwa kesi ngapi za wafanyakazi, imelipa ngapi, na zilitoka idara gani. Tukiona idara moja inajirudia, tutajua nani wa kupelekwa Kabete kwanza.

Makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike bunge la kaunti kabla ya 30 Aprili kila mwaka, na kuna vikao vya wananchi kutoa maoni. Huwa vimejaa wazee na watu wa kutafuta soda. Mwaka huu nitakuwa huko na swali moja, na ningependa tulirudie watu mia: pesa ya mafunzo ya nyapara wa Kangemi iko ukurasa gani?