Mbunge Si Tarishi

Bwana Mhariri,

Nawajibu wanaodai kwamba mbunge hana haki ya kuwa na rai yake, bali kazi yake ni kuchukua maneno ya waliomchagua na kuyafikisha bungeni, kama tarishi apelekaye barua asiyoyajua yaliyomo.

Tazama mfano wa Tanzania: mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikazunguka Bara na Visiwani kuwauliza raia kama wapenda chama kimoja au vyama vingi. Na ingawa takriban watu 80 katika kila 100 waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, wengi wao wakitaka kirekebishwe, tume ilishauri mfumo wenyewe ubadilishwe, na mwaka 1992 Bunge, lililochaguliwa na raia hao hao, likaafiki. Lau wingi wa vichwa ungalikuwa ndio hakimu pekee, uchaguzi wa 1995 usingalikuwa wa vyama vingi.

Sisemi kiongozi awapuuze raia, la hasha. Tume ile ilisikiliza kwanza, kisha ikaandika sababu zake. Basi mwenye msimamo na autangaze kabla ya kura, autolee hoja, na muda wake ukifika aikubali hukumu ya wapiga kura.

Nawasihi wasomaji wenzangu: mgombea akija kutuomba kura, pamoja na kumwuliza atatupa nini, tumwulize pia ni jambo gani atakalolikataa hata tukimzomea.

Wasalaam,
Msomaji wako,
Tanga