Maoni: Fundi anayefunga mtambo wa jua bila kuupanga hajamaliza kazi

Saa sita ya adhuhuri, jua la Lubumbashi liko juu ya kichwa, na katika nyumba moja ya mtaa wa Katuba firiji imezima. Si usiku, hakuna mvua, na betri haijaisha. Paneli sita ziko juu ya mabati, betri ya lithiamu inaonyesha kwamba imejaa, lakini mashine inapiga kelele, inawasha taa nyekundu na kukata. Jioni, jua likishuka, kila kitu kinarudi kama kawaida. Kesho yake, karibu saa ileile, inakata tena.

Baba mwenye nyumba alimwita fundi aliyemfungia. Fundi alitazama, akatikisa kichwa, akasema: "Papa, betri imekufa. Unapashwa kununua ingine." Betri hiyo ilikuwa na miezi minne tu, na pesa yake ilitoka katika likelemba ya mama wa nyumba na kuuzwa kwa pikipiki. Bahati yao, mbele ya kukopa tena walimwita kijana mwingine wa mtaa. Huyu hakugusa waya hata mmoja. Aliomba kuona karatasi ya betri, akasoma namba iliyoandikwa ubavuni, kisha akabonyeza vitufe vya mashine kwa dakika kumi. Tangu siku hiyo firiji haijazima saa sita.

Alichokiona kinaeleweka hata kwa mtu asiye fundi. Betri za lithiamu zinazouzwa kwa nyumba zetu zinaundwa kwa seli zilizopangwa mstari, kila seli ikiwa na volti 3.2 hivi. Zipo betri za seli 16, ambazo ubavuni zimeandikwa volti 51.2. Zipo pia za seli 15, zimeandikwa volti 48. Kwa macho zinafanana: sanduku lile lile, na mara nyingi rangi ile ile. Muuzaji naye anaziita zote "lithium ya 48". Lakini betri ya seli 15 haipashwi kupita volti 54 na kidogo, na mashine nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kuchaji hadi volti 56.4, kipimo kilichowekwa kwa betri za zamani za risasi na asidi. Ukigawa 56.4 kwa seli 16, kila seli inapata volti 3.5, na hakuna shida. Ukigawa kwa 15, kila seli inafika karibu 3.8. Mbele ya kufika hapo, kinga iliyo ndani ya betri inafunga mlango. Volti upande wa mashine zinaruka ghafla, mashine inaogopa, inakata. Ndiyo maana jambo lenyewe linatokea saa sita, wakati jua ni kali na betri inakaribia kujaa. Ndiyo maana pia jirani mwenye mashine ya aina ileile hana tatizo: yake ni ya seli 16.

Betri ile haikuwa imekufa. Ilikuwa inajilinda na fundi.

Mjini Lubumbashi leo, mtu anayeuza mashine hizi (wengine wanaiita konvertisa, wengine onduleur, wengine inveta) anahesabu kazi yake imekwisha pale balbu inapowaka na mteja anapopiga picha. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mtambo wa jua usiopangwa kulingana na betri yake ni kitu ambacho hakijauzwa chote. Mteja amelipa bei kamili, amepewa nusu.

Watu hawanunui mitambo hii kwa kupenda mitindo. Kutoka Inga, upande wa Kongo-Kati, waya mkubwa wa umeme unakuja mpaka Kolwezi, urefu wa kilomita karibu 1,700, na tangu miaka ya 1980 kazi yake kubwa ni kulisha migodi ya shaba na kobalti. Wakaaji wa Katuba, Kenya na Ruashi wanaishi karibu na migodi hiyo, lakini kelele za watoto barabarani, "Bamekata!" na baadaye "Bamerudisha!", ndizo zinazowajulisha saa za delestaji. Katika nchi nzima, Benki ya Dunia inakadiria kwamba mtu mmoja tu kati ya watano hivi ndiye anayefikiwa na umeme. Kwa hiyo mshonaji, mwenye salon, muuza samaki wa baridi na mwanafunzi wa chuo, kila mmoja anatafuta paneli yake. Vyombo vinaingia kwa malori kupitia Kasumbalesa, na vitabu vyake vya maelezo vimeandikwa Kiingereza au Kichina. Fundi alisoma kwa Kifaransa. Mteja anaongea Kiswahili. Katikati ya lugha hizo nne, mipango ya mashine inabaki kama ilivyotoka kiwandani.

Mipango hiyo ya kiwandani si mibaya yenyewe. Haikutengenezwa kwa nyumba fulani, basi. Wanaoumia zaidi hata si wenye lithiamu, ambayo angalau ina kinga yake ndani. Ni wenye betri za risasi, za asidi au za jeli, kwa sababu betri hizo hazina mlango wa kufunga. Mashine nyingi za volti 48 zimepangwa kiwandani zikate umeme betri zikishuka hadi volti 42. Kwa betri nne za volti 12 zilizounganishwa mstari, hiyo ni 10.5 kwa kila moja. Betri ya risasi ikifika 10.5 imekauka kabisa. Mafundi wanaojua kazi hawapendi ishuke chini ya nusu, na nusu ni karibu volti 12.2 ikiwa imepumzika, pungufu kidogo ikiwa inafanya kazi. Familia inayotazama mpira na sinema mpaka mashine ikate yenyewe, kila usiku, inazichimbia kaburi betri zake bila kujua. Betri ambayo ingetumika miaka inachoka katika miezi. Halafu inasemwa mtaani kwamba vitu vya jua ni vya uongo.

Kuna pia kiasi cha ampea za kuchajia. Betri za ampea-saa 100 za risasi zinapenda kuchajiwa polepole, ampea 10 hadi 20. Mashine kubwa inaweza kuwa imepangwa kuvuta 30 kutoka umeme wa SNEL pekee, na 60 kwa jumla pamoja na jua. Umeme ukirudi usiku baada ya delestaji, mashine inazisukuma betri kwa nguvu zote mpaka zinapata joto na maji yake yanapungua. Ukiingia chumba hicho asubuhi unasikia harufu kama ya yai bovu. Harufu hiyo ni onyo. Hewa inayotoka katika betri ya namna hiyo inaweza kuwaka, na betri nyingi mjini zimewekwa chini ya kitanda au nyuma ya kochi, karibu na watoto.

Kuhusu ukubwa wa mashine, wauzaji na wateja wamekosea pamoja. Mteja anataka "ya kilowati tano" kwa heshima, na muuzaji hamkatazi. Hakuna anayemwambia kwamba mashine yenyewe inakula. Mashine ya ukubwa huo inaweza kumeza wati 50 hivi hata kama hakuna balbu inayowaka. Kwa masaa 24 ni wati-saa 1,200, sawa na vyote vilivyomo katika betri moja ya volti 12 na ampea-saa 100. Mwenye balbu tano, televisheni na simu za kuchaji angetosheka na mashine ndogo, na pesa iliyobaki ingenunua betri ya pili. Lakini mashine kubwa ina kioo kizuri ukutani.

Kosa la paneli ni fupi kulieleza na halina msamaha. Kila mashine ina kikomo cha volti inazopokea kutoka juu ya nyumba. Zipo nyingi zenye kikomo cha volti 145. Paneli kubwa za siku hizi, za wati 550, zinatoa karibu volti 50 kila moja zikiwa hazijaanza kazi. Tatu mstari ni 150, na asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi inazipandisha zaidi. Mashine inaungua, na garanti haihesabu moto wa namna hiyo. Fundi angetumia dakika mbili kusoma maandishi nyuma ya paneli.

Si kila malalamiko ni kosa la fundi, hilo ni lazima kusemwa. Wapo wateja wanaochomeka pasi ya wati 1,500 na plake ya kupikia katika mtambo uliohesabiwa kwa taa, kisha wanapiga simu kwa hasira. Wapo wanaobishana bei mpaka fundi anapunguza unene wa waya wa betri, na waya mwembamba ndio unaofanya mashine ilie "betri imeisha" kila firiji inapoanza kuzunguka, ingawa betri imejaa. Mafundi nao wana neno lao: mteja analipa vyombo bila kunung'unika, lakini akiambiwa kwamba siku ya pili ya kuja kupanga na kupima ina malipo, anajibu, "Si umeshafunga?" Ni kweli. Kazi isiyoonekana hapa kwetu hailipwi kirahisi, na fundi anayekula kwa idadi ya nyumba alizofunga hatapoteza asubuhi nzima kwa nyumba moja.

Jibu la hilo si kumsifu fundi mwema mmoja wa Katuba. Upangaji uingizwe katika bei ya chombo, na uandikwe kwenye fakture kwa mstari wake. Muuzaji anayejua kwamba betri inarudi kwake ndani ya garanti kwa sababu ya namba isiyowekwa atamtuma mtu wa kuiweka. Leo hapotezi kitu. Akiletewa betri, anasema umeitumia vibaya, na mteja hana karatasi ya kuonyesha ilipangwaje siku ya kwanza.

Karatasi hiyo ni rahisi. Ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaobandikwa karibu na mashine: aina ya betri na idadi ya seli zake, volti za kujaza, volti za kubakiza, volti za kukata, ampea za kuchajia kutoka jua na kutoka SNEL, volti za paneli zikiwa zote mstari, tarehe na jina la aliyepanga. Katika mashine nyingi, aina ya betri iko kwenye namba 05 ya menyu, na inatoka kiwandani ikisema AGM. Mwenye lithiamu akikuta bado imeandikwa hivyo, ajue hakuna aliyeigusa. Namba 01 ndiyo inayoamua nani anatangulia, jua au SNEL. Nyumba ngapi zina paneli juu na bado zinalipa umeme wa SNEL mchana kweupe, kwa sababu mashine ilibaki na mpango wa kiwandani wa kuuweka umeme wa waya mbele? Na pale SNEL inapokuja dhaifu, volti 150 au 160, mashine iliyowekwa katika mpango mkali, ule wa kompyuta, inaukataa umeme huo kabisa. Mwenye nyumba anaona taa kwa jirani, kwake giza, anadhani amekatiwa.

Ofisi ya kudhibiti bidhaa, OCC, inakagua vinavyoingia mpakani. Ingeweza kudai kwamba mashine inayouzwa kwa nyumba iwe na maelezo katika lugha ambayo mnunuzi anaisoma, kama inavyodaiwa kwa dawa na chakula. INPP, ambayo kazi yake ni kufundisha watu ufundi, ina nafasi ya kuwafundisha vijana hawa siku chache juu ya betri na mipango yake tu, si juu ya kupanda mabati, hilo wanalijua. Sheria ya 2014 ilifungua biashara ya umeme kwa watu binafsi. Haikusema kwamba anayenunua aachwe peke yake na kioo chenye herufi asizozielewa.

Kuna jambo moja chungu katika haya yote. Ardhi ya Manono, jimbo la Tanganyika, ina lithiamu ambayo dunia nzima inaitafuta. Na mwananchi wa jimbo la jirani, akiisha kuinunua lithiamu iliyozunguka bahari na kurudi katika sanduku, anaambiwa imekufa nyuma ya miezi minne, wakati haijafa.

Katika ile nyumba ya Katuba, kijana alichana ukurasa wa daftari la shule la mtoto, akaandika namba saba kwa bic ya buluu na kuubandika ukutani kwa skochi. Volti za kujaza: 53.2. Alidai franka za usafiri tu. Baba mwenye nyumba amempigia simu fundi wa kwanza mara tatu, ili aje kupanga pia mashine ya shemeji yake, aliyemfungia wiki ileile kwa betri ya aina ileile. Mpaka sasa anajibiwa kwamba atakuja.