Kabla ya kufukuza malewa, Kolwezi ilete maji

Kila mara viongozi wanapotangaza usafi wa mji, wa kwanza kusukumwa ni mama wa malewa. Meza inaondolewa, mbabula inazimwa, sufuria ya sombe inabebwa ikiwa bado ya moto. Sababu inayotolewa ni ile ile: uchafu. Kesho yake wachimbaji, watu wa taksi-moto na makarani wa ofisi wanatafuta pa kula, na mama huyo amekwisha kuwasha moto mtaa wa pili, mbali zaidi na bomba kuliko alipokuwa jana.

Usafi hakuna anayeukataa. Lakini anayekataza mtu kupika pasipo maji angemwonyesha kwanza maji yako wapi.

Mji huu unalishwa na wanawake hawa. Bukari, sombe, tomsoni, makayabu, jioni michopo. Unga mwingi unapita Kasumbalesa kutoka Zambia, tomsoni inavuliwa bahari ya Namibia. Mwezi wa pili 2024, Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, hofu ya bei ya unga ilifika hadi Kolwezi. Mama wa malewa hapandishi bei haraka, maana wateja watamkimbia. Donge la bukari ndilo linalopungua. Mteja anaona, ananyamaza, anaomba sombe kidogo juu.

Na hiyo bukari yenyewe ina historia. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, iliwapa wafanyakazi posho ya unga wa mahindi, mengi yakinunuliwa Rhodesia. Babu zetu walitoka Kasai, Lomami, hata Rwanda, na wengi kwao walizoea muhogo, mtama au ulezi. Chakula cha kampuni kikageuka chakula chetu. Gécamines ikaendelea na posho hadi ilipoanguka miaka ya 1990, mishahara ikakatika, na wake wa wafanyakazi wakatoka kuuza kando ya barabara ili nyumba isilale njaa. Malewa mengi ya leo ni mtoto wa msiba ule.

Kuna kisiwa kilichopita njia kama hii: Jamaika. Wenye mashamba ya miwa walileta samaki wa chumvi kutoka Amerika ya Kaskazini kuwalisha watumwa, kwa sababu ilikuwa rahisi na haiozi upesi. Tunda la ackee lilitoka Afrika Magharibi. Leo viwili hivyo katika kikaango kimoja ndicho chakula cha taifa. Nyama ya jerk, yenye pilipili na viungo, ina asili kwa Wamaroon, watumwa waliotoroka na kuishi milimani. Sasa wageni wanaifuata kando ya barabara huko Boston Bay. Nenda Brixton, London, au Toronto: mkahawa mdogo wa mtaani wa Wajamaika unauza kuku wa jerk na wali uliopikwa na maharagwe kwa tui la nazi, na wanaopanga mstari si Wajamaika peke yao. Mama anayeuza makayabu Kanina angemtambua yule samaki mara moja.

Posho ya mtumwa imekuwa jina la nchi. Ya kwetu tunaifukuza na ufagio.

Pesa ipo. Kanuni ya madini ya 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha kwa komine, miji na sekta zenye migodi, na kampuni zinatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Sehemu ndogo sana ya hiyo ingetosha kwa paa, bomba, choo na mtaro wa maji machafu. Pia ushuru mmoja kwa mwezi, wenye risiti, badala ya watoza ushuru kufuatana mlangoni kama kwenye foleni ya unga.

Kampuni nazo zifungue mlango. Sheria ya 2017 juu ya ukandarasi mdogo iliweka kazi hizo kwa makampuni yenye mtaji mkubwa wa Wakongomani. Mama mmoja mwenye sufuria mbili hataweza kulisha kambi nzima, ila kumi wakiungana katika ushirika wanaweza kupeleka sombe tu, kila siku, iliyopikwa vizuri kuliko ile ya kambini. Atakayesema hawawezi kufuata masharti ya usafi ya mgodi, narudi pale pale: maji.

Dilala na Manika zitapanga bajeti ya mwaka ujao. Tutasoma kama kuna mstari wa mabomba ya malewa.