KIDUDE HAKIJAZEEKA, TUNAFANYWA WAJINGA

Haya wadau, leo naomba tuambiane ukweli kuhusu kile kidude kilichochomekwa nyuma ya televisheni yako. Kiite stiki, kiite boksi, kiite utakavyo. Kile ambacho ulipokinunua kilikuwa kinafungua filamu kabla hujakaa sawa kwenye kochi, na leo ukibonyeza rimoti unaweza kwenda jikoni, ukachemsha chai, ukarudi na kukuta kale kaduara bado kanazunguka. Ukiuliza, jibu ni lilelile kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue kule Nairobi: "Bosi, hicho kimeshazeeka. Chukua kipya."

Mimi nasema HAPANA. Kidude cha miaka mitatu hakina tairi la kulika wala beringi ya kusagika. Chipu iliyomo ndani inapiga hesabu kwa kasi ileile iliyokuwa nayo siku uliyokitoa kwenye kasha. Kilichobadilika ni mzigo. Na waliokibebesha mzigo huo, kwa sehemu kubwa, ndio haohao wanaotaka ununue kingine.

Tuanze na tumbo la kidude chenyewe. Chromecast yenye Google TV iliyotoka mwaka 2020 ilikuwa na hifadhi ya GB 8 na RAM ya GB 2. Ile ya bei nafuu iliyofuata mwaka 2022 ilikuwa na GB 8 hizohizo, na RAM ikapunguzwa hadi GB 1.5. Toa sehemu inayochukuliwa na mfumo wenyewe, mwenye mali unabakiwa na kama nusu tu. Hivi kuna kijana wa mjini leo anayekubali kuuziwa simu ya GB 8? Hakuna. Lakini kwenye televisheni tunapokea bila kuuliza, kwa sababu kwenye kasha maandishi makubwa ni "4K", na ukubwa wa hifadhi utautafuta kwa tochi.

Hifadhi ya aina hii ina tabia yake. Haiwezi kuandika juu ya kilichokwisha kuandikwa. Ni lazima ifute kwanza ndipo iandike. Ikikaribia kujaa, kila kitu kidogo kinachotakiwa kuandikwa kinageuka safari ya kutafuta nafasi. Wakati huohuo programu zinanenepa kila zinaposasishwa. Kidude hakijachoka, kimevimbiwa! Na watengenezaji wanalijua hilo vizuri, maana mwaka 2024 Google walipoleta mrithi wa Chromecast waliweka GB 32 na RAM ya GB 4. Kumbe inawezekana.

Halafu kuna matangazo. Watu wengi hawajui kwamba kampuni ya Roku ya Marekani haiishi kwa kuuza vifaa. Mwaka 2023 ilipata mapato ya karibu dola bilioni 3.5, na karibu bilioni 3 kati ya hizo zilitokana na matangazo na huduma zinazopita ndani ya vifaa, wakati vifaa vyenyewe viliuzwa kwa hasara. Mwishoni mwa mwaka huohuo Amazon nao wakaanza kurusha matangazo ya video yanayojaza skrini nzima mara tu Fire TV inapowaka. Sasa unganisha mwenyewe. Kidude chenye RAM kiduchu kinalazimishwa kupakua na kuchezesha video ambayo hukuiomba, kabla hakijakufungulia ile uliyoiomba. Tumenunua ubao wa matangazo kwa hela zetu, tukautundika sebuleni, tukaulipia umeme na bando. Ukilalamika kwamba ni mzito, unaambiwa ununue ubao mpya!

Na msidhani kila kinachozima kimekufa. Tarehe 9 Machi 2025 Chromecast za toleo la pili, zile za mwaka 2015, zilianza kugoma duniani kote kwa wakati mmoja. Hazikuungua. Kilichotokea ni kwamba cheti cha kidijitali kilichowekwa ndani yake kilikuwa cha miaka kumi, na miaka kumi ilikuwa imetimia. Google wakatuma marekebisho kupitia intaneti na vifaa vikaamka. Waliokimbia dukani siku ile walinunua jeneza la mgonjwa wa mafua.

Haya, tuje kwenye dawa. Haihitaji shahada wala bisibisi, na yote unaimaliza kwa nusu saa.

Kwanza, jua mgonjwa ni nani. Chukua simu, iunganishe na waifai ileile, simama pembeni ya televisheni na upime kasi kwa fast.com, ambayo ni ya Netflix wenyewe. Wao wanasema picha ya HD ya kawaida inahitaji Mbps 3, HD kamili Mbps 5, na 4K Mbps 15. Kama simu inapata 20 pale pale na kidude kinakwama, tatizo ni kidude. Kama simu nayo inachechemea, isogeze karibu na ruta na upime tena. Ikipona, tatizo ni umbali na kuta. Isipopona hata hapo, lawama ni za anayekuuzia intaneti, au za waya ulio chini ya bahari. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika kwenye bahari ya Afrika Kusini na Afrika Mashariki nzima ikatambaa? Siku kama hiyo hata ukinunua kidude cha dhahabu utatazama kaduara.

Pili, umeme. Hapa ndipo wengi tunapokwama. Kidude kilikuja na chaja yake, lakini waya wa chaja unaonekana mbaya ukutani, basi tunakichomeka kwenye tundu la USB la televisheni. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa wati 2.5. Chaja ya stiki nyingi inatoa wati 5 au zaidi. Kidude kinachokula nusu sahani kitafanya kazi nusu siku. Kinajizima, kinajiwasha, kinakwama katikati ya goli. Rudisha chaja ukutani, urembo baadaye.

Tatu, joto na mahali. Nyuma ya televisheni kuna joto, na kwa hali ya hewa ya Dar mwezi Februari sihitaji kueleza zaidi. Chipu ikipata moto inapunguza kasi yenyewe ili isiungue. Kile kipande kifupi cha waya wa HDMI kinachokuja ndani ya kasha hakikuwekwa kama pambo. Kitumie, kidude kining'inie nje kipate hewa, na waifai nayo ikione. Ruta nayo itoe sakafuni nyuma ya kabati. Kama ina mawimbi ya aina mbili na ipo chumba kimoja na televisheni, tumia ya GHz 5, maana ile ya GHz 2.4 unagombania na majirani wote wa ghorofa pamoja na maikrowevu. Kama kuna kuta mbili za tofali katikati, GHz 5 haitafika vizuri, kwa hiyo baki na 2.4 au vuta waya.

Nne, tapisha. Ingia kwenye mipangilio, fungua orodha ya programu, futa zote ambazo hujazigusa mwezi mzima. Zinazobaki, zifutie kache, yaani yale makombo ya muda yanayorundikana. Makombo yakifutwa nenosiri lako halipotei, usiogope. Lenga kubakiza angalau GB 1 tupu.

Tano, zima kelele. Kwenye Fire TV kuna sehemu ya kuzuia video na sauti za matangazo zisijichezeshe kwenye ukurasa wa mbele. Kwenye Google TV kuna hali inayobakiza programu zako tu na kuondoa mapendekezo. Hawakutangazii kwa sababu haiwaingizii kitu. Itafute.

Sita, kizime kabisa. Kubonyeza kitufe chekundu cha rimoti ni kukilaza usingizi tu, na kuna vidude havijazimwa tangu Idi iliyopita. Chomoa umeme, hesabu dakika moja, rudisha. Kukirudisha kwenye hali ya kiwandani ni hatua ya mwisho, siyo ya kwanza. Mwaka 2025 Google waliwaonya watu wasifanye hivyo kwenye zile Chromecast kabla ya marekebisho kufika.

Nawasikia wanaopinga. Wa kwanza anasema: kitu chenyewe dola 30 au 40, ya nini kuhangaika? Ndugu yangu, hizo ni bei za Marekani, kabla ya nauli, ushuru na faida ya muuzaji. Na hata ungekipata bure, kipya kitaingia kwenye tundu lilelile la USB, kwenye joto lilelile, kwenye kuta zilezile, kikajazwa programu zilezile. Baada ya mwaka utarudi dukani. Hapo umenunua ugonjwa kwa awamu.

Wa pili anasema: lakini kweli vifaa vinazeeka. Ni kweli. Tarehe 1 Desemba 2019 Netflix waliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya vifaa vya mwanzo vya Roku, na hakuna kache ya kufuta itakayobadilisha hilo. Kidude kisichopokea tena marekebisho ya usalama nacho ni cha kuagwa. Lakini huo ni uamuzi unaoufanya baada ya kupima, siyo baada ya kuambiwa "bosi".

Kuna aina moja tu ambayo siitetei hata kidogo: yale maboksi ya Android yasiyo na jina la maana, yanayokuja na ahadi ya mechi zote na filamu zote bure. Mwaka 2023 watafiti wa usalama walieleza jinsi baadhi yake yanavyotoka yakiwa na programu hasidi tayari ndani, mtandao uliopewa jina la BADBOX. Mwezi Juni 2025 FBI wakatoa onyo, na mwezi uliofuata Google wakafungua kesi New York wakisema mtandao uliofuata, BADBOX 2.0, umeshika vifaa zaidi ya milioni 10. Boksi la namna hiyo linaweza kukodisha laini yako ya intaneti kwa watu usiowajua, wakapitishia mambo yao kwa jina lako. Halafu unashangaa bando linaisha na picha inakwama! Hasidi akiwa kwenye mfumo wa kiwandani, kufuta programu hakumtoi. Hilo lichomoe, usimpe hata mjomba kijijini.

Ninachouma meno zaidi ni sisi wenyewe, tuliosoma. Mzee wangu mtaani akiharibikiwa na redio anakwenda kwa fundi, anakaa kwenye benchi, anauliza kilichoungua ni nini na anaonyeshwa. Sisi tunajua maneno yote ya Kiingereza ya teknolojia, lakini kifaa kikikohoa mara mbili tunatoa pochi. Kisha kile cha zamani kinakwenda dampo la Pugu na madini yake yote. Hiyo siyo usasa. Huo ni uvivu wenye risiti.

Na wenye mamlaka nao wana kazi. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamlazimisha mtengenezaji wa kifaa cha nyumbani kinachounganishwa na intaneti aseme wazi kitapata marekebisho ya usalama kwa muda gani, angalau mpaka lini. Hawakumlazimisha atoe miaka mingi, wamemlazimisha tu aseme. Kwetu TCRA ndio wanaoidhinisha vifaa vya mawasiliano, na Tume ya Ushindani ndiyo inayopambana na bidhaa bandia. Kuweka sharti kwamba kila kasha liandikwe ukubwa wa hifadhi, RAM, na tarehe ya mwisho ya marekebisho hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Tunahitaji mistari mitatu ya wino. Mnunuzi akiijua tarehe ya mwisho, atapiga hesabu mwenyewe kama bei ni halali.

Mpaka siku hiyo ifike, muuzaji akikwambia kidude kimezeeka, muulize maswali matatu: hifadhi imebaki GB ngapi, umeme kinapata wapi, na kasi pembeni ya televisheni ni Mbps ngapi. Akishindwa kujibu hata moja, ujue hajakipima kidude chako. Amepima mfuko wako.